Laiki 11,000, chupa mbili za damu

Jumamosi ile nilifika benki ya damu saa moja asubuhi nikiwa na katoni mbili za maji ya kunywa na karatasi yenye majina 214. Hao ndio walioandika "nitakuwepo" chini ya ombi langu mtandaoni la kumtafutia mpwa wangu watu wa kumtolea damu. Hesabu nilishaipiga usiku: hata wakikosekana robo tatu, wanabaki hamsini na ushei, na hamsini wangetuvusha miezi mitatu. Nikamwomba Sista wa zamu viti vya ziada. Hakunibishia. Alileta viti vitano, akavipanga ukutani, akarudi kwenye kazi zake.

Mpaka saa nane mchana walikuwa wamekuja watu wanne. Mmoja alipimwa wingi wa damu akakutwa hajafikia kiwango, wakamrudisha kwa upole na kumwambia akafanyiwe vipimo zaidi. Wa pili alikuwa bado anamalizia dozi ya antibaotiki. Wawili ndio waliolala kitandani wakatoa. Muda wote huo simu yangu ilitetemeka mfukoni bila kupumzika, maana ombi lilikuwa limefika laiki 11,000 na watu walikuwa wanaendelea kuandika "tuko pamoja".

Naandika haya kwa sababu baada ya siku ile nilipewa ushauri wa aina mbili, na wote uliniudhi. Kuna walioniambia niachane na mitandao, kwamba watu wa humo ni wa maneno tu. Na kuna walioniambia tatizo ni kwamba sikusambaza vya kutosha. Miezi minne baadaye watu 61 walikuwa wamemtolea damu mpwa wangu, na wengi wao walitoka ndani ya orodha ileile ya watu 214 ambao Jumamosi ile hawakuonekana. Watu ni walewale. Mimi ndiye niliyebadilisha namna ya kuwaomba.

Mpwa wangu ana miaka sita. Ni binti wa dada yangu, na alikutwa na saratani ya damu. Dawa zinazoua saratani hiyo zinapiga na uboho wa mifupa, mahali damu yenyewe inapotengenezwa, kwa hiyo kuna wiki ambazo mwili wa mtoto hautengenezi chochote cha maana. Kinachoshuka kwa kasi ya kutisha ni chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Mtu mzima wa afya huwa nazo kuanzia 150,000 katika tone dogo wanalopima maabara. Siku moja karatasi yetu ilirudi imeandikwa 8,000. Asubuhi hiyo alikuwa ameamka na damu kwenye fizi na vidoti vyekundu miguuni, kama mtu aliyechomwachomwa na ncha ya kalamu.

Ombi la kwanza niliandikiwa na rafiki yangu anayejua mambo ya kampeni mitandaoni. Ni mtu mwema na alitaka kusaidia kwa moyo wote. "Kaka," aliniambia, "picha ndiyo kila kitu. Weka mtoto akiwa na mirija. Watu wasipolia hawasambazi." Tukatunga na alama ya reli. Akatafuta watu watatu wenye wafuasi wengi, wakakubali kuweka. Nilimwuliza dada yangu kuhusu picha. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Kaka, kama itamsaidia, weka." Sauti yake ile ingenitosha, nilipaswa kuisikia.

Siku mbili za kwanza nilikuwa kama mtu aliyepewa mbawa. Kila nikifungua simu, mioyo. Watu walibadilisha picha zao wakaweka ya mpwa wangu. Mtu mmoja aliandika shairi, zuri kweli. Mwingine alitengeneza video fupi yenye muziki. Nilimpelekea dada yangu wodini kila kitu, nikamwambia, "Dunia nzima iko nasi." Aliniamini, kwa sababu na mimi niliamini.

Usiku wa Ijumaa picha ikafika kwa mtu ambaye hakusoma maneno. Aliona mtoto, mirija na mioyo mingi, akadhani amefariki. Akaandika, "Mungu amlaze mahali pema." Wengine wakafuata. Mpaka nalala rambirambi zilikuwa zimezidi mia. Dada yangu alizisoma saa nane usiku, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mtoto wake anapumua mbele yake. Hakunipigia simu. Alfajiri alinitumia ujumbe wa neno moja: "Toa." Nikaitoa picha kwangu, lakini kwa wengine ilikuwa imeshaenda, na mpaka leo huwa inarudi. Ukiwa na mgonjwa wako, hasa mtoto, usiweke picha yake. Nasema hivi nikijua kabisa kwamba picha ndiyo iliyoleta zile laiki 11,000.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya viti vitano.

Saa tisa, nilipokuwa nakusanya chupa za maji, Sista aliniita ndani. Ni mama wa makamo, ameshafanya kazi ile muda mrefu. "Mjomba wa binti," akaniambia, "njoo uone." Akanionyesha mashine kama kabati dogo, ndani yake vifuko vya rangi ya manjano vimelala kwenye trei inayokwenda kulia na kushoto, kulia na kushoto, polepole, bila kusimama. "Hizi ndizo chembe sahani. Hazikai kwenye friji. Zinakaa kwenye joto la kawaida la chumba na lazima zitikiswe usiku na mchana. Na hata ukizitunza hivi, siku tano zimekwisha. Chembe nyekundu naweza kukutunzia wiki sita. Hizi siwezi."

Kisha akaniambia neno ambalo ndilo lililobadilisha kila kitu. "Hao watu wako 200 wangekuja leo wote, ningewaambia warudi nyumbani. Mimi sihitaji watu 200 wa leo. Nipe wawili wa Jumanne na wawili wa Ijumaa. Halafu wiki ijayo tena wawili na wawili. Utaweza?"

Nilisimama pale natazama trei inavyokwenda, nikaelewa kwamba nilichokuwa nimekiomba ni mafuriko, na anachohitaji mtoto ni bomba linalodondosha kidogo kidogo bila kukatika. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 huko Marekani watu walipanga foleni ndefu kutoa damu, upendo wa kweli kabisa, na damu nyingi ikaishia kumwagwa kwa kuwa waliohitaji kuongezewa walikuwa wachache na muda wake ukapita. Hata kama kampeni yangu ingefaulu kwa namna nilivyoitaka, ingemfaa mpwa wangu siku tano.

Basi nikaweka hesabu upya. Watoaji wanne kwa wiki, kwa wiki 16, ni nafasi 64. Na si watu kumi wanaorudiarudia: aliyetoa damu kamili, mwanamume anasubiri miezi mitatu na mwanamke minne. Kwa hiyo nilihitaji watu kama sitini, kila mmoja na siku yake. Nilirudi kwenye ile karatasi ya majina 214.

Sikuanza vizuri. Watu 40 wa mwanzo niliwaandikia mmoja mmoja kwenye inboksi nikiuliza, "Ndugu, bado uko tayari kutusaidia kutoa damu?" Walionijibu ni 31, na majibu yao yalikuwa matamu: niko tayari kabisa, Mungu akipenda, nitajitahidi wiki hii, usijali kaka. Akaja mmoja. Wiki nzima ilipita hivyo, na wiki ile tulikosa mfuko mmoja wa chembe sahani, mtoto akasubiri mpaka kesho yake. Siku hiyo sitaki kuieleza zaidi.

Usiku wodini hakuna la kufanya ukishamaliza kusali, nikawa nasoma. Nilitaka kujua kama ni sisi tu. Si sisi tu. Ukurasa wa Facebook uliokuwa unachangisha kwa ajili ya Darfur, Sudan, ulikusanya watu zaidi ya milioni moja, na watafiti walipouchunguza walikuta fedha zote zilizopatikana ni takriban dola 90,000, na zaidi ya asilimia 99 ya wale watu hawakutoa hata senti. Mwaka 2012 ile video ya nusu saa kuhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa Uganda, ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100 ndani ya wiki moja, lakini ulipofika usiku wa Aprili 20, ambao watu walitakiwa watoke wakabandike mabango mitaani, waliotoka walikuwa wachache mno. Nilisoma hayo nikapata faraja chungu.

Lakini nikakuta na mambo mengine, na hayo ndiyo yaliyonifaa. Mei 1, 2012 Facebook iliwawekea watu sehemu ya kuonyesha kwamba ni wachangiaji wa viungo, na palepale ikawapa kiungo cha kwenda kwenye daftari rasmi la jimbo lao. Siku ile moja, Marekani, walijiandikisha watu wapya 13,054, mara 21 ya siku ya kawaida. Tafakari tofauti yake na ombi langu. Pale mtu akiguswa, mlango uko mbele ya kidole chake. Kwangu mtu akiguswa anakutana na moyo mwekundu wa kubofya, anaubofya, na mguso wake umepata pa kuishia.

La pili lilihusu uchaguzi wa mchujo wa Pennsylvania, Marekani, mwaka 2008. Watafiti wawili, Nickerson na Rogers, walipanga watu wapigiwe simu. Baadhi waliulizwa tu kama wana nia ya kupiga kura. Wengine wakaulizwa maswali matatu zaidi: utakwenda saa ngapi, utatokea wapi, na kabla ya hapo utakuwa unafanya nini? Waliojibu hayo matatu ndio waliojitokeza kwa wingi zaidi. Niliposoma hapo nilifunga simu. Kwa wiki nzima nilikuwa nauliza watu kuhusu nia zao, na nia zao zilikuwa nzuri tangu siku ya kwanza. Swali la saa sikumwuliza hata mtu mmoja.

Asubuhi nikaandika ujumbe mpya. Nauweka hapa ulivyokuwa:

"Habari yako. Mimi ni mjomba wa yule mtoto. Asante kwa maneno yako, mama yake aliyasoma. Nina nafasi mbili tu za Jumanne na mbili za Ijumaa. Ipi inakufaa? Ukiniambia, nitakuandika na sitaweka mtu mwingine hapo."

Akishachagua siku, namfuata: "Unatoka kazini saa ngapi? Utakuja kwa usafiri gani? Nitakusubiri getini, nimevaa shati la bluu." Shati la bluu hilo nililivaa miezi minne. Lilikuwa na kazi yake: mtu akijua kuna mwenzake amesimama getini anamsubiri yeye, kutokuja kunakuwa kugumu.

Wale 174 waliobaki kwenye orodha wote walipata ujumbe huo, kwa wiki kadhaa, sikutuma kwa mkupuo. Usitume kwa mkupuo kamwe, watu wananusa ujumbe uliopelekwa kwa wengi. Nilisoma kwanza kila mmoja alikuwa ameandika nini, nikamtajia. Waliochagua siku walikuwa 58, na 35 wakafika. Kwa aliyezoea mitandao hii idadi ni ndogo. Mimi niliyekaa na viti vitano, kila mmoja wa hao 35 namkumbuka alipotokea getini.

Hapo ndipo nilipojifunza kwa nini watu walikuwa hawaji, na nimekasirika moyoni kila ninaposikia wakiitwa wavivu. Walipoanza kuzungumza nami faraghani walitoa maswali ambayo hadharani wasingeyatoa. "Kaka, mimi ni kundi A, si ilikuwa inatakiwa O?" Huyu alikuwa amekaa wiki tatu akiamini hafai. Ombi letu la kwanza liliandika kwa herufi kubwa kundi la damu la mtoto, kosa letu, kumbe damu yake ingeingia benki na benki ndiyo ingempa mtoto ya kumfaa. Mwingine aliogopa sindano. Mwingine, baba mzima, aliniandikia saa sita usiku akiuliza kama majibu ya vipimo wanampa mtu mwenyewe au wanayatangaza. Nilimwuliza Sista, nikamjibu: ni siri yake. Akaja. Mwanafunzi mmoja alikuwa na kilo 46 na hospitali yetu inataka 50, huyo nilimshukuru na kumwomba aniletee mtu mwenye hizo kilo, akamleta kaka yake.

Hakuna hata moja ya hofu hizo inayoweza kutatuliwa na kuandikwa chini ya picha mbele ya watu elfu. Nani atauliza kuhusu vipimo vyake hadharani?

Kuna jambo lililonishangaza, na bado nalifikiria. Wale waliojionyesha sana hadharani, waliobadilisha picha zao, walionitaja kila siku, karibu wote hawakuja. Mtunga shairi hakuja. Nilimwandikia mara tatu, akanijibu kwa upendo mara tatu. Na aliyekuwa mtoaji wangu wa kwanza kwa mfumo mpya alikuwa mtu aliyeandika maneno makali chini ya lile ombi: "Laiki hazitoi damu." Nilimwandikia huku nikitetemeka kidogo. Akajibu baada ya dakika mbili: "Ijumaa, saa nne." Alifika saa nne kasoro, akatoa, akaniuliza nani anafuata Jumanne. Watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia waliwahi kuchapisha jambo la aina hii mwaka 2014: mtu anayepewa nafasi ya kuonyesha uungaji mkono wake mbele ya watu huwa hasukumwi sana kusaidia kwa vitendo baadaye, ukimlinganisha na aliyeuonyesha faraghani. Simlaumu mtunga shairi. Nadhani alishatoa alichokuwa nacho, na kelele ya shukrani zetu ikamwambia inatosha.

Kwa hiyo nikabadilisha na shukrani. Kabla ya hapo nilikuwa nashukuru kila anayesambaza. Nikaacha. Aliyetoa damu ndiye aliyepata neno, na neno lenyewe halikuwa langu. Mpwa wangu, siku akiwa na nguvu, alichora duara nyekundu yenye macho, nikampigia picha mchoro, na mtoaji akatumiwa yeye peke yake akiwa njiani kurudi nyumbani. Nilimwambia aweke kwenye stetasi yake akitaka, ila aandike kwamba ametoa leo. Wengi waliweka. Na hapo mtandao ukafanya kazi ambayo ombi la laiki 11,000 halikuifanya, kwa sababu sasa waliomwona ni jamaa zake wanaomjua kwa sura. Katika uchaguzi wa bunge la Marekani wa 2010, Facebook na watafiti waliwajaribu watu milioni 61: ujumbe wa kuhimiza kupiga kura ulioonyesha sura za marafiki waliokwisha kupiga ulisogeza watu, ule usio na sura haukusogeza. Mimi nilikuwa na duara nyekundu na watu 35. Kila aliyechagua siku nilimwuliza pia, "Utakuja na nani?" Nikauliza hivyo hivyo, kana kwamba kuja na mtu ni jambo la kawaida. Kwa njia hiyo tulipata watu 23 ambao hawajawahi kuona ombi lolote. Ukijumlisha wale wawili wa Jumamosi na yule mmoja wa wiki mbaya, ndio 61. Nafasi tatu za mwisho walizijaza wanaume watatu waliotimiza miezi mitatu wakarudi, akiwemo yule wa maneno makali.

Mambo madogo yaliyosaidia: usiku wa kuamkia siku ya mtu nilimwandikia anywe maji mengi na asije na njaa, na hili lilipunguza waliozimia, kwani wiki ya kwanza tulikuwa na mmoja. Kila nafasi niliiwekea mtu wa akiba anayeishi karibu. Kazi yenyewe haichukui muda mrefu, kile kitendo cha damu kutoka ni kama dakika kumi, lakini mwambie mtu aje na saa nzima, maana kuna kupimwa, fomu na kupumzika. Ukimdanganya kwamba ni dakika kumi, hatarudi. Gharama zangu zilikuwa bando, maji, na nauli za wale wachache waliosema wazi hawana. Hazikufika hata sehemu ndogo ya nilichotumia kulipia lile tangazo la mwanzo lisambae zaidi.

Rafiki yangu wa kampeni tulibishana sana. Aliniambia, "Umetoka watu 11,000 mpaka sitini, halafu unaita maendeleo?" Nilimkumbusha wasichana 276 wa shule ya Chibok, Nigeria, waliotekwa Aprili 14, 2014. Alama yao ya reli ilizunguka dunia, mpaka Michelle Obama akapigwa picha ameshika karatasi yake. Lakini kule Abuja kulikuwa na watu waliokwenda kuketi kwenye chemchemi ya Unity Fountain kudai warudishwe, siku baada ya siku, dunia ikiwa imeshahamia kwingine. Oktoba 2016 waliachiwa 21, Mei 2017 wakaachiwa 82, na wale walioketi walikuwa bado wapo wanadai waliobaki. Sisemi alama ya reli haikufaa, bila hiyo mimi nisingejua habari yao. Nasema kazi yake ilikuwa kuita, na kuna watu walioitika kwa miili yao siku ambayo hakuna aliyekuwa anawatazama. Alinyamaza. Ijumaa iliyofuata alikuja kutoa, na kumbe yeye ndiye anayeogopa sindano kuliko wote, alinishika mkono kama mtoto na hakuusema woga ule kwa miezi yote hiyo. Nikaelewa kwa nini alikuwa anasisitiza kusambaza.

Wiki ya 16 karatasi ya maabara ilirudi na chembe sahani 112,000, zake mwenyewe, bila mfuko. Dada yangu aliipiga picha akanitumia bila kuandika neno. Matibabu bado yanaendelea, ni safari ya zaidi ya miaka miwili, lakini kwa sasa hatuhitaji mtu wa Jumanne.

Kitanda cha jirani kuna mtoto wa kiume ambaye mama yake alikuwa ananiona kila siku na shati langu getini. Wiki iliyopita alinifuata kwenye korido. "Baba, samahani, ile orodha yako..." Alikuwa ameshaandaa na yeye picha ya mwanawe ya kuweka mtandaoni. Nilimwomba asiiweke. Nimewapigia watu wangu mmoja mmoja kuwauliza kama wako radhi, na waliotimiza muda wao ni kumi na wanne. Kumi na mmoja wamekubali. Jana usiku nilimfundisha yule mama kuandika ule ujumbe kwa mkono wake mwenyewe, akautuma kwa mtu wa kwanza, tukakaa tunaitazama skrini.

"Jumanne," mtu yule akajibu. "Saa tatu. Utavaa rangi gani?"